Diabeti aina ya 1: dozi inapanda, sukari haishuki

MamaK, Bukavu
Jambo wandugu. Binti yangu ana miaka 13, ana diabeti aina ya 1. Anachoma insulini ya mchanganyiko 30/70 (ya haraka 30%, ya polepole 70%) asubuhi na jioni. Zamani ilimtosha. Sasa muganga ameipandisha mara kadhaa, lakini asubuhi kipimo cha sukari kinapita 250 mg/dL. Shangazi yake anasema mtoto anaiba biskuti usiku. Mzee jirani, naye mgonjwa wa sukari, anasema mwili umekataa insulini, eti nimpe vidonge vyake vya sukari, metformini. Naombeni ushauri, ila majani ya kuchemsha sitaki.

Nesi_Ibanda
Mama, vidonge vya mzee usiviguse. Yeye huenda ana aina ya 2, kongosho lake bado linatoa insulini kiasi. La binti halitoi. Daktari anaweza kuongeza metformini juu ya insulini, lakini haiwezi kushika nafasi yake.
Mimi naangalia umri kwanza. Wakati wa balehe homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi usiku, na insulini inakuwa nzito kufanya kazi. Mtoto aliyetosheka na yuniti 0.7 kwa kilo kwa siku anaweza kufika 1.5. Apimwe uzito upya, dozi ihesabiwe upya. Na kabla ya kuongeza ya jioni, mpime saa tisa usiku: sukari ikiwa chini saa hiyo, kuongeza kutaishusha zaidi akiwa usingizini.

Papa_Lushi
Anachoma wapi, mama? Mpapase tumbo na mapaja. Wengi wetu tunapenda palepale pasipouma, panaota kinundu laini, na insulini ikiingia humo hainyonywi sawasawa. Inafanana kabisa na mwili kukataa. Mkihamia ngozi isiyo na kinundu, ongeeni na muganga kwanza, maana dozi ileile inaweza kumshusha sukari sana.
Halafu chupa. Ikishafunguliwa, siku 28 basi. Huku Lubumbashi joto la Oktoba linaiua. Ninyi Bukavu mna hali nzuri, lakini ikiganda kwenye frigo itupeni, hata kama imeyeyuka. Na hiyo 30/70 aisokote polepole viganjani mpaka weupe uenee, asiitikise.

Dada_Goma
Huyo shangazi anyamaze kidogo. Nami niliitwa mwizi wa biskuti, kumbe sukari yangu hupanda siku chache kabla ya hedhi. Mtoto akishutumiwa kila asubuhi ataanza kuandika namba za uongo kwenye daftari, na hapo muganga atapangia dozi uongo.

MamaK, Bukavu
Nimempapasa. Kushoto kwa kitovu kuna vinundu viwili! Kesho tunaenda kliniki na daftari. Sasa akianza kutapika usiku, hajala kitu, nimchome au niache?

Nesi_Ibanda
Usiache kabisa insulini, hata asipokula. Kiasi chake akuambie muganga, mpigie. Mpime, mpe maji kidogo kidogo. Akiendelea kutapika, akihema haraka au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, mpeleke hospitali usiku huohuo.