Sera ya glavu kwenye mijengo ya Lamu inaunguza watu mikono

Jamani watu wa mjengo, hili siwezi kulinyamazia. Kuna mkandarasi hapa Lamu amebandika karatasi getini: kila mtu avae glavu wakati wote, na atakayekutwa bila glavu anakatwa nusu siku. Haya, glavu zenyewe ni zipi? Ni zile nyeupe za pamba zenye vitone vya plastiki kiganjani. Pea moja kwa kila mtu, saizi moja kwa wote, anayekoroga simiti na anayepanga mawe wamepewa ileile. Karatasi nzima haitaji aina, saizi, siku ya kubadilisha wala maji ya kunawa.

Kwa anayeshika simiti mbichi, glavu hiyo ni mbaya kuliko mkono mtupu. Simiti ikilowa ni alkali kali, yaani inaunguza ngozi kama magadi makali: kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, inafika 12 hadi 13. Pamba inaunywa ule uji kama utambi unavyonywa mafuta. Mkono mtupu ukirukiwa, mtu anaona na ananawa. Ndani ya pamba uji unabaki umegandama na ngozi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna anayeuona. Tena simiti haichomi palepale kama maji ya moto. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtu yuko kwake, ndipo anapoona ngozi ya katikati ya vidole imelainika, imechubuka, imekuwa kidonda.

Halafu kuna kromi. Simiti nyingi ina kromi, aina ya metali, inayoyeyuka majini, na ngozi ikishaikataa mara moja haisahau: kila akigusa simiti, hata kidogo, mikono inawasha na kupasuka. Mwashi akifika hapo, ufundi wake wa miaka yote unamponyoka. Ulaya tangu 2005 wameweka kikomo cha kromi hiyo kwenye simiti, sehemu 2 kwa milioni, kwa sababu hiyohiyo. Na msidhani anayetengeneza nyumba za mawe kwa chokaa amenusurika. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, chokaa bado inatumika sana, na chokaa iliyozimwa kwa maji pH yake ni kama 12.4. Wakati wa kuizima inachemka na kuruka, kwa hiyo hapo miwani ni lazima pamoja na glavu.

Kazi ya majimaji inataka glavu ya nitrili, yaani mpira wa kiwandani, iliyochovywa yote kwenye mpira huo, kiganja na mgongo. Ile iliyochovywa kiganjani tu na mgongo ni kitambaa, maji yanaingilia mgongoni. Tafuteni alama ya EN 374, kiwango cha Ulaya cha glavu za kuzuia kemikali, na chini yake herufi K, maana K ni kipimo cha magadi makali, sodiamu haidroksaidi ya asilimia 40. Urefu uwe sentimita 30 hadi 35 ili ipande juu ya kifundo cha mkono. Mikono ikiwa chini, kama kumwaga sakafu, shati lifunike glavu. Ukipiga plasta juu ya kichwa, glavu ifunike shati na mdomo wake ukunjwe nje, la sivyo uji unatiririka hadi kwenye kiwiko. Wapeni pea mbili, moja ikauke kivulini. Jua linakula mpira, msizianike juu ya bati. Kila asubuhi pulizeni hewa ndani, kunjeni mdomo, minyeni: ikivuja itupwe siku hiyohiyo.

Mawe ya matumbawe ya Manda, boriti za mikoko, vyuma na waya wa kufungia ni jambo jingine kabisa. Hapo someni EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kuzuia mikwaruzo na mikato, na tarakimu zilizo chini yake. Tarakimu ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa na kitu chenye ncha. Jiwe la matumbawe ni tupa tupu, kwa hiyo tarakimu ya kwanza iwe 3 au 4. Kwenye vyuma na waya tazameni ya nne, pamoja na herufi ya kukatwa inayoanzia A hadi F.

Na hilo neno "wakati wote" lifutwe leo. Glavu pana karibu na drili inayozunguka au mashine ya kukoroga inanaswa na kuuvuta mkono wote. Mashine izimwe kwanza, ndipo mkono uingie.

Saizi nayo si anasa. Zungusha futi ya kitambaa kiganjani chini ya vifundo vya vidole, gumba likiwa nje: kama sentimita 20 ni saizi 8, 23 ni 9, 25 ni 10. Glavu ikizidi mkono, mwiko unateleza, mtu anaivua, halafu anakatwa nusu siku.

Maji ndiyo yanayoniudhi zaidi. Najua maji yetu matamu yanatoka visima vya michanga ya Shela na kila mtungi una bei. Lakini mjengo wenye maji ya kukorogea simiti hauwezi kusema hauna ya kunawa. Liwekwe pipa lenye bomba, na sabuni. Ile ndoo moja inayooshewa miko na makarai, baada ya saa mbili nayo imeshakuwa alkali, ukinawa humo unajipaka upya. Glavu ioshwe nje kabla ya kuvuliwa, kisha mikono, kabla ya chai na chakula.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri atoe na atunze glavu *zinazofaa*. Zinazofaa kazi iliyopo, si za kuonyesha mkaguzi. Na penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama ni ya lazima. Kamati ingekaa na fundi mmoja wa plasta kwa nusu saa, karatasi ile isingebandikwa.

Tunachotaka: faini isimamishwe, glavu za pamba ziondolewe kwenye simiti na chokaa, zigawiwe kwa kazi na kwa saizi, iliyotoboka ibadilishwe bila maswali, pipa la maji liwepo kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

NYONGEZA: Mmeniuliza kuhusu wachukuzi. Kweli, karatasi haiwataji kabisa. Wanaoshusha mifuko ya kilo 50 jahazini na wanaowapakia punda wanapata vumbi shingoni na mikononi, na vumbi likikutana na jasho ni simiti mbichi ileile. Wapewe mikono mirefu, glavu, kitambaa cha shingo, na wanawe kwenye pipa hilohilo. Na anayepiga magoti kwenye sakafu mbichi avae kinga ya magoti isiyopitisha maji, maana suruali inalowa kama pamba ya glavu.