Mtungi wa Uttaramerur na kamati yetu ya Marikiti

MuuzaIliki: Salaam aleikum wana baraza. Nauza viungo Marikiti, huu mwaka wa 11. Jana nilitoka mkutanoni nimenuna: mweka hazina wetu hajasoma hesabu tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na anagombea tena. Jirani yangu, mzee wa Kitamil, akacheka. Ati kwao, kijiji cha Uttaramerur, India ya Kusini, sheria za uchaguzi wa kamati za kijiji zilichongwa ukutani mwa hekalu karne ya 10, enzi za mfalme Parantaka wa Wachola, ukoo uliotawala Watamil. Majina yaliandikwa kwenye majani ya mvumo, yakatiwa mtungini, mtoto akachomoa. Umri ni miaka 35 hadi 70. Na aliyewahi kuwa kwenye kamati asitoe hesabu, hagombei, wala jamaa zake! Sasa hii ni demokrasia au bahati nasibu?

Mwalimu_Likoni: Vyote viwili. Utamhonga nani, mtoto au mtungi? Lakini tazama chujio lililotangulia kura. Ukishatumikia, unakaa pembeni miaka 3. Sisi tuna Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010, maneno matamu kabisa ya uadilifu, kisha kifungu cha 99 kinasema aliyehukumiwa hazuiwi kugombea ubunge mpaka njia zote za rufaa ziishe. Na rufaa, yakhe, zina miguu ya kobe.

BibiWaKibokoni: Polepole na sifa. Mtungini waliingia kina nani? Mabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, wenye ardhi inayolipiwa kodi na nyumba juu yake, waliosoma Veda, vitabu vyao vitakatifu. Mwanamke hayumo. Mimi na wewe MuuzaIliki tungekaa nje ya hekalu tukiuza iliki.

Kaskazi: Mimi namtaka Ashoka, mfalme wa kale wa India. Alichonga mwambani kwamba wapasha habari wamfikie wakati wowote, hata akiwa anakula. Diwani wangu nimempigia tangu mvua za masika, mtaro umejaa.

Mwalimu_Likoni: Ashoka huyohuyo aliandika mwenyewe kwamba alipoiteka nchi ya Kalinga waliuawa watu 100,000 na wengine 150,000 wakahamishwa. Toba ilikuja baada ya damu.

MuuzaIliki: Bibi, umenikata maini, ila kweli. Basi mambo ya Veda na ardhi nayaacha hukohuko. Ijumaa baada ya swala nitapendekeza moja tu: hujasoma hesabu, hugombei. Hiyo ya jamaa zake sitaitaja. Mweka hazina ni shemeji yangu.

BibiWaKibokoni: Ahaa! Kumbe.