Mjadala: Je, hadithi fupi za kisayansi za zamani bado zina nafasi katika klabu za usomaji za shule zetu?

Ndugu wachangiaji,

Mwenzetu wa Arusha ametoa hoja kwamba klabu za usomaji katika shule za sekondari ziachane na hadithi fupi za kisayansi zilizoandikwa Ulaya na Marekani karne iliyopita, kwa sababu mashine zinazosimuliwa humo zimepitwa na wakati na watu wake hawafanani nasi. Mimi ni mwalimu hapa Moshi, na ninaipinga hoja hiyo.

Kuhusu mashine, amesema kweli. Isaac Asimov, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1956, aliiona kompyuta ya mwaka 2061 kuwa dude lililotandaa maili kwa maili, ilhali leo vijana wetu wanatembea na kompyuta mfukoni. Hata hivyo, swali ambalo watu wa hadithi hiyo wanaiuliza kompyuta yao, iwapo nyota zikishazimika zinaweza kuwashwa tena, halijazeeka hata kidogo.

Ninayoitetea kwa moyo wote ni hadithi ya Daniel Keyes ya mwaka 1959, inayomhusu Charlie, mfagiaji wa kiwandani anayefanyiwa upasuaji wa kumwongezea akili. Wafanyakazi wenzake humcheka, naye hucheka pamoja nao akidhani huo ndio urafiki. Ripoti za maendeleo yake anaziandika mwenyewe, na mwanzoni zimejaa makosa ya tahajia. Nilipoitafsiri kwa ajili ya kidato cha tatu, nilikwama hapo hapo. Nilijaribu kwanza kubadilisha r na l, nikafuta, kwa kuwa darasa lingecheka lafudhi ya watu wa kwao badala ya kumsikiliza Charlie. Mwishowe niliyabana maneno na kudondosha herufi, nikaandika ubaoni: "natakakuwa na akil kama wenzagu". Wakacheka. Kila ripoti iliyofuata ilinyooka zaidi, hadi sentensi za Charlie zikawa nzito kuliko zangu. Kisha, kuelekea mwisho, ile "akil" ikarudi ubaoni, na safari hii hakuna aliyecheka. Kijana mmoja ambaye wenzake humwita "kilaza" mchana kutwa aliniomba nisifute ubao mpaka amalize kunakili.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Charlie hafanani nasi, wakati katika shule zetu mtoto hubandikwa jina la "kipanga" au "kilaza" kabla hata muhula wa kwanza haujaisha.

Waandishi wetu waandike hadithi za kisayansi za kwetu, hilo silipingi. Upungufu mkubwa ninaouona ni wa tafsiri, kwa maana mwanafunzi anayehangaika na Kiingereza hawezi kuyahisi makosa ya tahajia ya Kiingereza, na katika hadithi hii makosa hayo ndiyo yanayobeba uchungu wote. Napendekeza saa za klabu zibaki, ila sehemu yake itumike kutafsiri. Mwenzetu wa Arusha, au yeyote anayemuunga mkono, atutajie hadithi ambayo angeiweka mahali pa hii ya Charlie, nasi tutaisoma darasani na kuzilinganisha.