Nikope milioni 8 ninunue mashine ya kukamua shea? Niko Gulu, Uganda, naomba ushauri

MamaYaa_Gulu
Habari zenu ndugu. Nimezaliwa na kukulia hapa Gulu, kwenye nyumba za wanajeshi, na kazi yangu ni mafuta ya shea, yale Waacholi wanaita moo yaa. Kokwa za mti wa mshea nanunua kwa kina mama wa Lamwo na Agago. Tunakaanga, tunasaga, tunakanda kwa mikono na maji mpaka mafuta yapande juu kama povu zito, kisha tunayachemsha na kuchuja. Mengine nauza kwa ndoo, mengine nageuza sabuni. Watoto wanakula na wanasoma, lakini kwa mikono hatuwezi kuongeza tena.

Sasa amejitokeza mnunuzi wa Kampala, anatengeneza vipodozi. Anataka kilo 200 kila mwezi, mwaka mzima, kwa shilingi 15,000 kilo. Ila analipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Kwa kukanda sifikishi hata nusu. Mashine ya dizeli nimeiona, wanataka milioni 8. Benki wamenizungusha hadi nimechoka. Mkopeshaji wa mtaani yuko tayari wiki hii: riba asilimia 10 kwa mwezi, dhamana ni karatasi za kiwanja alichotuachia marehemu baba.

Niseme ukweli, hesabu ya faida siyo inayoninyima usingizi. Miti inakwisha, inakatwa makaa. Mshea unakaa miaka 15 hadi 20 ndipo uanze kuzaa vizuri, na gunia la makaa linalipwa leo hii. Amri ya Rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku makaa ya biashara huku kaskazini, lakini malori bado yanapita usiku. Mama akiniletea magunia matatu nikanunua moja, yale mawili atafanyia nini? Na mti ataacha kuukata kwa nini? Watu hawa walikaa kambini miaka na miaka wakati wa vita, wamerudi mashambani hawana kitu isipokuwa ardhi na miti hiyo.

Nikope?

Muuza_Elegu
Chukua mama. Mnunuzi wa mwaka mzima haji mara mbili. Mimi huku mpakani na Sudan Kusini kila wiki sijui kesho wateja wa Juba watakuja na hela au na maneno.

Mhasibu_Ntinda
Dada, kabla hujasaini chochote: kilo moja ya mafuta inakula kilo ngapi za kokwa, na unazinunua bei gani?

MamaYaa_Gulu
Kilo tatu na nusu. Kokwa safi nanunua 3,000.

Mhasibu_Ntinda
Basi tazama. Kilo 200 za mafuta ni kilo 700 za kokwa, yaani milioni 2.1 kila mwezi. Yeye atakupa milioni 3. Inabaki 900,000. Riba peke yake ni 800,000. Hiyo 100,000 ndiyo ilipe dizeli, vibarua, magunia na nauli ya mzigo hadi Kampala. Na hapo hujarudisha hata shilingi moja ya mkopo wenyewe.

Kuna baya zaidi. Mzigo wa kwanza unapeleka mwisho wa mwezi wa kwanza, hela inaingia mwisho wa mwezi wa tatu. Kufika hapo umeshanunua kokwa za milioni 6.3 na kulipa riba milioni 2.4. Milioni 8.7 zimetoka mfukoni mwako, nje ya bei ya mashine. Huyo bwana hajakupa soko, amekuomba umkopeshe, na wewe unakwenda kukopa kwa riba ili umkopeshe yeye bure.

BintiOtuke
Mhasibu amesema vizuri, ila amehesabu kama vile kokwa zipo kila mwezi. Hazipo! Mimi natoka Otuke, kwetu zinaanguka kuanzia Mei hivi, ikifika Septemba msimu umekwisha. Ukiahidi mwaka mzima maana yake ununue tani zaidi ya nane ndani ya msimu mmoja na uzihifadhi. Hiyo ni zaidi ya milioni 25 zimelala stoo.

Na stoo ya shea si mchezo. Pasua kokwa kumi kwenye kila gunia kabla hujalipa. Nzuri ni ngumu, ndani ina rangi ya kahawia. Ukiona nyeusi au ukungu, acha. Iliyoanza kuota inatoa mafuta machungu, hata uyachuje mara tatu. Waambie kina mama wazichemshe mapema wakishaokota, wazianike juani, wasizikaushe juu ya moto. Zikinuka moshi, mtengeneza vipodozi atakurudishia ndoo zote na nauli ni juu yako.

FundiMota_Arua
Mashine zenyewe nazitengeneza, kwa hiyo nisikilizeni. Ile skurubu ya kukamulia inalika. Kabla ya bei uliza: skurubu ya pili ipo wapi na ni shilingi ngapi? Kama jibu ni "tutaagiza", ondoka.

Tena kwa nini ununue kabla hujajaribu? Lira kumejaa vinu vya alizeti na simsim (ufuta). Chukua magunia mawili ukakamulie kwa kulipia. Sharti moja: waisafishe mashine kwanza, la sivyo mafuta yako yatachanganyika na alizeti. Pima yanayotoka. Mashudu usiwaachie, rudi nayo, yanawaka vizuri. Ukiyafinyanga na kuyaanika yanachemshia kokwa za msimu ujao, hununui kuni wala makaa.

Mstaafu_Jinja
Binti yangu, kiwanja cha baba yako kiache kilipo. Tangu 2019 tuna sheria ya dhamana ya mali zinazohamishika. Mashine yenyewe, pikipiki, hata shehena ya kokwa inaweza kuandikishwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kuwa dhamana. Waulize SACCO kama wanaikubali. Na huyo mkopeshaji mwambie akuonyeshe leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji. Asipokuwa nayo, usimpe karatasi hata moja.

Kina mama wa Lamwo na Agago nao wakaulize parishi zao habari za PDM, mpango wa serikali wa mikopo ya parishi. Ni milioni moja kwa kaya, riba asilimia 6 kwa mwaka. Mkopo ukiwa mikononi mwao, wanaweza kukuwekea kokwa bila kukimbilia kuuza mti.

Muuza_Elegu
Nimesoma hesabu, narudisha maneno yangu. Lakini mnunuzi msimwache. Mwombeni arubuni.

MamaYaa_Gulu
Asanteni sana, na wewe Mhasibu Mungu akubariki. Nimekaa na karatasi usiku nikarudia hesabu yako, nimepata vilevile. Mkopeshaji nimemwambia hapana.

Mnunuzi nimempigia asubuhi. Nimemwambia: kilo 80 kwa mwezi, za msimu tu, nusu ya hela kabla sijapakia. Bei tutazungumza, kwa sababu mafuta yetu ya huku ni laini kuliko ya Ghana na Burkina Faso, na yeye ndicho anachokitafuta. Hajakataa. Ameuliza kama nina alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, nami sina. Kuna aliyeipata kwa biashara ndogo kama yangu?

BintiOtuke
Mimi ninayo, ya sabuni. Nenda ofisi ya UNBS hapo hapo Gulu ukaombe kiwango cha shea kilichoandikwa, ukisome kwanza. Kilichonichelewesha ni chumba: nilikuwa nachujia jikoni. Tenga chumba cha sakafu ya saruji, madirisha yawe na wavu, na andika kila gunia limetoka kijiji gani na tarehe gani. Lira nitakuwepo Jumamosi. Ukileta hayo magunia mawili, tutakwenda wote kinuni tusimamie usafishaji.