Naomba ushauri: pakiti za chakula kilichogandishwa na kukaushwa, za kambi Rubondo na za akiba nyumbani

Hema la Nyegezi

Mwadila wakuu. Nina mambo mawili, nayaleta pamoja kwa sababu pesa ni ileile.

La kwanza, mwezi wa nane tunakwenda hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, humu Ziwa Victoria, watu sita, tutalala siku tatu hemani. Wawili ni wanangu, wa miaka 9 na 12. La pili, nyumba yangu iko bondeni karibu na ziwa. 2020 maji yalipopanda yaliishia kwenye uzio. 2024 yakavuka uzio, yakaingia stoo, nikapoteza gunia la mchele na unga wote. Mke wangu amesema hataki kuona tena gunia limekaa sakafuni. Kwa hiyo natafuta akiba ya wiki mbili ya watu wanne, inayokaa juu ya kabati na isiyooza.

Nimeona zile pakiti za Marekani ambazo unamimina maji ya moto tu unakula. Kuna mtu wa kuniagizia. Mpaka inifikie mkononi, moja inagonga kama sh. 45,000. Imeandikwa ni ya watu wawili, na nyingine zinadai kukaa miaka 30. Nilikuwa nimeshapanga pakiti 60, roho ikasita. Nichukue aina gani? Na hiyo miaka 30 ni kweli?

Dagaa wa Chanja

Milioni mbili na laki saba, mkuu! Na soko la dagaa la Mwaloni Kirumba unaliona kwa macho. Ngoja nikae pembeni nisome.

Mbeba Mizigo

Mkuu, natembeza wageni mwaka wa kumi na moja huu, na pakiti hizo nimekula nyingi kuliko walizokula wenye nazo, maana mgeni akimaliza safari hataki kurudi nazo kwao.

Kwanza ujue ziko za namna mbili na wauzaji wanazichanganya. Kuna chakula kilichokaushwa kwa joto, kama sisi tunavyoanika mboga: kinasinyaa, kinakuwa kigumu, na hakirudi mpaka ukichemshe. Halafu kuna kilichogandishwa kwanza kikawa barafu, kikaingizwa kwenye mtambo ulionyonywa hewa, ile barafu ikaondoka kama mvuke bila kupitia kuwa maji. Hiki umbo lake linabaki. Kipande cha nyama ukikishika ni chepesi kama sponji kavu, ukikiminya kinakuwa unga. Ndiyo maana kinanywa maji haraka: unamimina ndani ya pakiti yenyewe, unakoroga, unafunga, unasubiri kama dakika kumi. Kahawa ya Nescafé Gold imekaushwa hivyohivyo. Muuzaji akikwambia uchemshe dakika ishirini, huyo anakuuzia ya kwanza kwa bei ya pili.

Pili, achana na maneno "watu wawili". Geuza pakiti, tafuta kalori za pakiti nzima. Nyingi nilizoshika ziko kati ya 500 na 700. Mtu mzima anayetembea anataka 2,000 na zaidi kwa siku. Sasa tupige hesabu yako: pakiti 60 kwa kalori 600 ni 36,000. Gawa kwa watu wanne, siku 14. Ni kama 640 kwa kichwa kwa siku. Hiyo si akiba, ni kufunga bila futari.

Miaka 30 si uongo. Mountain House, kampuni ya Marekani ya pakiti hizo, wanaiandika, na wanazungumzia pakiti ambayo haijafunguliwa, imekaa mahali pakavu na pa ubaridi. Juu ya kabati chini ya bati la Mwanza mwezi wa kumi hapana ubaridi wowote. Itakaa miaka mingi, sawa, lakini usiihesabu 30.

Tatu, kile kipakiti kidogo kilicho ndani. Kinanyonya oksijeni, kina unga wa chuma. KITOE kabla ya kumimina maji. Safari yangu ya kwanza nilikisahau, mzee mmoja wa watu akakitafuna dakika nzima akidhani ni uyoga. Hakudhurika, ila mimi hadi leo naona haya.

Abuu wa Kirumba

Naongezea dogo: soma viambato. Baadhi ya tambi za kizungu zinawekwa nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vidogo sana, na picha ya mbele haikwambii. Halafu chumvi yake ni nyingi, kama mna mzee wa presha nyumbani mfikirie. Tena zenye nyama, uliza habari za kibali cha kuingiza kabla hujalipa. Mzigo wangu ulikaa wiki tano, na aliyeniagizia akawa hapokei simu.

Mama Pacha

Baba, pole na stoo yako. Mimi niko Kisesa na mafuriko yangu ni mengine, ni ya wajukuu wakati wa likizo. Nikwambie ninachofanya.

Viazi vitamu vikitoka shambani tunafanya vya aina mbili. Michembe ni vibichi, unavikata na kuanika. Matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza, ndipo unavimenya, unavikata, unavianika juu ya mwamba. Mawe ya Usukumani Mungu hakuyaweka bure. Matobolwa yakikauka sawasawa ukiyagonga kwenye meza yanalia kama vigae. Mtoto anatafuna hivihivi na chai, hayahitaji moto. Hapo ndipo nawashangaa watu wa pakiti: siku maji yameingia ndani, gesi imelowa na maji safi hakuna, utazimiminia nini hizo pakiti?

Adui wa matobolwa ni wadudu na unyevu. Mimi natumia mfuko wa PICS, ule wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Unafunga kila mmoja peke yake, unakamua hewa, wadudu waliobaki wanakosa pumzi wanakufa. Ukiwa unafunguafungua kila siku haufanyi kazi, kwa hiyo weka mdogo wa kula na mkubwa wa akiba.

Mchele mweupe vilevile, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Karanga sikushauri uweke nyingi. Zina mafuta, zinachacha, na zikipata unyevu zinaota sumukuvu. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na haitoki kwa kupika.

Dagaa wa Chanja

Mama kamaliza. Mimi nadai changu tu: dagaa wa kuanikwa kwenye chanja, si wa mchangani. Meno ya watoto yatakushukuru.

Mbeba Mizigo

Mama shikamoo, na kwa akiba ya nyumbani nakuinulia mikono. Lakini Rubondo nabaki na pakiti zangu, na sababu yangu ni harufu. Kaka, usithubutu kulala na dagaa hemani. Tuliwahi kuacha mfuko wa dagaa umefungwa fundo tu. Usiku kanu, yule mnyama mdogo kama paka, akaja, akachana kona ya hema, asubuhi tumbili wakamalizia biskuti. Pakiti ya foili isiyofunguliwa hainuki.

Tena usichote maji ukiwa umesimama ziwani. Kichocho kinapitia kwenye ngozi, na mamba nao wapo. Beba maji ya kunywa, ya kupikia yachemke kweli. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo pakiti ikisema dakika tisa wewe subiri kumi na mbili. Ukiwahi kuifungua utakuta katikati ya wali kuna punje zinagonga jino.

Hema la Nyegezi

Wakuu, hesabu ya kalori imenikata maini. Nimepanga upya: pakiti 12 tu, za chakula cha usiku kule kambini, maana jioni ndipo watoto wanaposumbua. Asubuhi uji, mchana mkate na mayai ya kuchemsha tukiishiwa matobolwa. Akiba ya nyumbani nafanya ya Mama Pacha. Swali: kuna jamaa ana mifuko ya foili na vile vipakiti vya kunyonya oksijeni. Naweza kuweka mchele? Na dagaa je?

Mbeba Mizigo

Mchele mweupe ndiyo. Funga kwa pasi ya moto, kesho yake uangalie: ukiwa mzima, mfuko umenywea mpaka unaweza kuhesabu punje kwa kidole. Ukibaki laini huenda una tundu, rudia. Mchele usiokobolewa usiweke, mafuta yake yanaharibika mapema.

Dagaa acha. Mfuko usio na oksijeni ukiwa na kitu ambacho hakijakauka vizuri unaweza kukaribisha bakteria wa botulizimu, wenye sumu ya kuua, na huenda wasinuke wala wasibadilishe rangi ya chakula. Dagaa wako ukimkunja anapinda badala ya kukatika, huyo ni wa kula wiki hii.

Hema la Nyegezi

Sawa mkuu. Mke wangu kasoma uzi wote, anamuuliza Mama Pacha: matobolwa anauza kwa debe au kwa kilo?

Mama Pacha

Kwa debe, mwanangu. Mje na ndoo yenu, na muwe mmeianika juani, msiniletee yenye maji chini.