Dalali anataka kuweka cha juu kwenye nyumba yetu: tumkubalie?

Mama wa Segerea

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuuza nyumba yetu ya Segerea, Dar es Salaam, na kuhamia Morogoro. Nyumba ina vyumba vitatu, uzio na kisima, iko kwenye kiwanja kilichopimwa, na hati miliki imeandikwa jina la mume wangu. Tunahitaji shilingi milioni 140. Kiwanja na ujenzi vilitugharimu milioni 90 hivi, na risiti tunazo.

Dalali mmoja anayefahamika hapa mtaani ametuambia kuwa hataki asilimia yoyote kutoka kwetu. Anachotaka ni tumtajie fedha tunayohitaji iingie mkononi, kisha yeye apange bei na mteja, na kitakachozidi kiwe chake. Anaomba pia tumwachie hati halisi ili wateja wakiiona waamini, na mteja akipatikana, yeye ndiye apokee malipo ya awali kwa niaba yetu. Mume wangu anaona ni nafuu kwa kuwa hatutoi kitu mfukoni. Mimi roho inasita, maana juzi nimeona picha ya geti letu kwenye kurasa za madalali wawili tusiowajua, mmoja akitaja milioni 165 na mwingine milioni 180. Je, utaratibu huu wa cha juu ni salama kwa muuzaji? Na kama si salama, tuelewane naye vipi bila kumpoteza, maana wateja anao kweli?

Wakili wa Ilala

Shikamoo mama. Roho yako inasita kwa haki, na ningependa mzee naye asome hesabu hii.

Tuseme dalali amempata mteja kwa milioni 170. Mkataba wa mauzo ni lazima uwe wa maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na mnunuzi mwenye akili timamu atataka uandikwe kiasi alichotoa. Faida inayoonekana mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) itakuwa milioni 80, na kwa mkazi kodi ya faida hiyo ni asilimia 10, yaani milioni 8, ambazo mtazilipa ninyi kutoka kwenye milioni 140 zenu. Mtabaki na milioni 132, mkiwa mmelipia kodi fedha iliyoingia mfuko wa mtu mwingine. Ada ya dalali inaweza kuhesabiwa kama gharama ya mauzo na kupunguza faida hiyo, lakini anayekula cha juu kwa kificho hatoi risiti, kwa hiyo hamtakuwa na cha kuonyesha. Sasa chukueni nyumba hiyohiyo, bei ileile, dalali akalipwa asilimia 5 waziwazi kwa risiti. Yeye anapata milioni 8.5, kodi inakuwa milioni 7.15, nanyi mnabaki na zaidi ya milioni 154 kabla ya gharama nyingine. Hiyo nafuu anayoiona mzee inawagharimu zaidi ya milioni 22.

Wapo watakaowashauri muandike milioni 140 kwenye mkataba huku mnunuzi akilipa 170. Msithubutu, kwa sababu hilo ni tamko la uongo kwa mamlaka ya kodi na saini zitakazokuwa pale ni zenu. Uko pia msamaha wa kodi kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi, lakini ukomo wake ni faida ya milioni 15, na ninyi mmeshaupita hata mkiuza kwa 140.

Kuhusu hati halisi, asipewe. Mnunuzi anayejali ataomba nakala, kisha atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, na majibu ya upekuzi ndiyo yatakayomwambia nani mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Fedha nayo iingie benki, kwenye akaunti ya mmiliki, kuanzia ile ya awali.

Dalali wa Kinyerezi

Mama, shikamoo. Mimi kazi yangu ndiyo hii, na nakubaliana na wakili, ila naomba upande wetu nao usikilizwe. Cha juu kimeota mizizi kwa sababu wauzaji wengi humzunguka dalali. Unampeleka mteja, unalipa nauli, unakaa naye barazani kwa mwenye nyumba, kisha wanapeana namba za simu nyuma ya mgongo wako na hupigiwi tena. Mtu aliyetendewa hivyo huona afadhali aifiche bei.

Kwa hiyo mwandikieni mkataba wa udalali. Uandikeni kwa lugha ya kawaida, kurasa mbili zinatosha: bei ya kuanzia na bei msiyoshuka chini yake, asilimia yake, siku atakayolipwa (mimi hulipwa pale mnunuzi anapomaliza malipo), na muda wa mkataba, labda siku 60 au 90. Ndani ya muda huo asiwepo dalali mwingine, na hiyo itawasaidia pia kuondoa matangazo ya wale wawili, kwa kuwa bei tatu za nyumba moja humfanya mteja ahisi kuna utapeli. Halafu wekeni daftari. Kila mteja anayeletwa aandikwe jina, namba ya simu na tarehe, dalali asaini na mama usaini. Mteja aliyemo kwenye daftari akija kununua hata baada ya muda kwisha, dalali alipwe chake. Ukimpa hilo, dalali wa kweli hatang'ang'ania cha juu, na akiendelea kung'ang'ania, mwacheni aende.

Mwulizeni pia kama huwatoza wateja fedha ya kuonyeshwa nyumba, na mkatae hilo kwenu. Humfukuza mnunuzi mzuri kabla hajafika getini.

Mama wa Segerea

Marahaba wanangu, nashukuru sana. Mzee amesoma na amekubali tuandike mkataba. Nina jambo moja limebaki: kwa kuwa hati ina jina lake peke yake, mimi nina nafasi gani kwenye mkataba huo?

Wakili wa Ilala

Mama, nafasi yako ni kubwa. Hiyo ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni moja. Utasaini ridhaa yako wakati wa mauzo, na ningeshauri usaini na mkataba wa dalali, ili asije akasema bei alikubaliana na mzee mkiwa hampo pamoja. Kabla ya kuweka bei kwenye mkataba huo, tafuteni mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake, ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, itahitajika wakati wa uhamisho, na inawezekana kabisa ikaonyesha kuwa milioni 140 ni bei ya chini kwa nyumba yenu.