Mtoto wa kwaya anafungua mdomo lakini sauti haitoki, nifanyeje?

Zeze la Moro (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kwaya ya watoto parokiani hapa Morogoro, umri ni miaka 7 hadi 14. Nimeipokea kwa mwalimu aliyehama. Utaratibu wake ulikuwa kumsimamisha mtoto mbele aimbe peke yake, na akikosea wenzake waliachwa wamzomee.

Kuna binti wa miaka 9, mazoezi hakosi, lakini anajificha mstari wa nyuma na kuchezesha midomo tu. Nikisogea karibu anafumba kabisa. Nilipomuuliza pembeni akasema, "Mimi naharibu wimbo, mwalimu." Yupo pia kijana wa miaka 13 ambaye sauti imeanza kukwaruza. Wanamcheka, na ameshasema anaacha. Paroko anataka watoto waimbe misa ya Noeli. Sitaki kumpoteza hata mmoja. Nianzie wapi?

Mama Kinanda
Mwalimu mwenzangu, pole, na asante kwa kuwajali. Kwanza nikuulize: wewe ni mwanamume? Kama ndiyo, ukitoa ufunguo (nota ya kuanzia) kwa sauti yako unatoa oktavu moja, yaani ngazi nzima ya do hadi do, chini ya sauti ya mtoto. Wengine wanapanda wenyewe bila kuambiwa. Wengine wanajitahidi kukufuata huko chini, wanaunguruma, halafu wanaambiwa hawana sikio. Watoto wengi tu wamefukuzwa kwenye kwaya kwa sababu hiyo peke yake!

Toa ufunguo kwenye kinanda, au mwombe mtoto mwingine auimbe. Angalia pia nyimbo zinapanda na kushuka kiasi gani: kwa mtoto wa umri huo, D iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda hadi A inayofuata juu yake ndipo penye raha. Kwa huyo binti, usimwambie "imba hii". Mwache atoe sauti yoyote, hata ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, wewe uitafute kwenye kinanda, kisha muanzie hapo pamoja. Siku atakayosikia kinanda kimemfuata yeye, utaona mabega yanashuka. Ila usimfanyie hivyo mbele ya kundi. Fanya kabla wenzake hawajafika, mlango wazi, na katekista au mzazi awepo. Ukitaka kumwonyesha pumzi inakokaa, aweke mkono wake mwenyewe tumboni, usimshike.

Besi Mzee
Mnawadekeza hawa watoto. Sisi tulifundishwa solfa (do, re, mi) kwa fimbo na leo tunasoma nota bila kubabaika.

Ilimba
Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa heshima. Waliobaki ndio tunaowaona leo kwenye sauti za besi na teno. Walioondoka hakuna aliyewahesabu, na huenda kati yao walikuwemo wenye sauti kutushinda. Halafu kuimba ni pumzi. Mtoto mwenye hofu pumzi inapanda kifuani, koo linakaza, nota inateleza, anazomewa tena, na wiki ijayo hofu inaongezeka. Fimbo haiwezi kulegeza koo.

Mimi nimekulia Dodoma. Kwenye ngoma zetu mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, na mtoto anaingia kwenye kiitikio pale anapoweza. Anakosea akiwa ndani ya sauti za watu, hakuna anayemgeukia. Mkuu Zeze, anza kila mazoezi hivyo. Akiwepo mwenye marimba au kinanda kidogo, waache pia watunge vipande vyao kwa do, re, mi, so, la. Fa na ti ziwekeni kando, na hapo hata wakipiga ovyo hakuna mgongano mkali wa kumwaibisha mtu.

Besi Mzee
Marahaba. Hilo la pumzi limeniingia. Lakini nidhamu ibaki.

Ilimba
Ibaki, mzee wangu. Na sheria ya kwanza iwe hakuna kucheka sauti ya mwenzako.

Mzazi Kihonda
Nami naongezea la simu. Wazazi tunarekodi mazoezi na kurusha kwenye kundi la WhatsApp. Mwanangu alikosea mstari mmoja, video ikazunguka mtaa mzima, ikachukua muda mrefu akubali kurudi. Mwalimu, piga marufuku kurekodi mazoezi, na siku ya misa waulizwe watoto na wazazi kwanza.

Zeze la Moro
Nawashukuru sana. Ndiyo, mimi ni mwanamume, na ufunguo nimekuwa nikitoa kwa mdomo. Jumamosi hii kitatoa kinanda. La simu nitalitangaza kwenye kikao cha wazazi. Bado huyu kijana wa miaka 13: nimweke sauti ya pili na wasichana, au nimpe ngoma?

Mama Kinanda
Ngoma apige akipenda, lakini isiwe njia ya kumnyamazisha. Kawaelezeni wote kwamba koo la mvulana linakua na sauti inashuka, ili hata wadogo wajue zamu yao itafika. Kisha mwandikie mstari wake, nota nne au tano zile zinazotoka bila kukwaruza. Baada ya wiki chache msikilize tena, maana zitakuwa zimehama, na mstari uhame nazo.